Kumfunza mtoto mambo ya kale kwa ukili, udongo na hadithi

Hadithi na kazi ya mikono ziwe za kitu kimoja. Hiyo ndiyo kanuni ninayoishika ninapokaa na wajukuu, na mengine yote nitakayoeleza hapa yametoka humo. Ukimsimulia mtoto habari za Fumo Liyongo, shujaa wetu wa kale, huku anapaka rangi picha ya simba, hadithi itapita njia yake na rangi itapita njia yake. Mpe unga wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, aukande mwenyewe, afiche kipande cha chuma ndani ya donge, kisha ndipo umwambie kwamba mama yake Liyongo alifanya vivyo hivyo ili kumtoa mwanawe gerezani. Hiyo hataisahau.

Mimi ni mtu wa Lamu, mtaa wa Mkomani, na kazi yangu ni kusuka ukili, yaani utepe wa majani makavu, na kuushona uwe mikeka na makawa ya kufunikia chakula. Nina wajukuu wanaosoma Mombasa na wengine wako Malindi, nao huja shule zikifungwa. Wazazi wao huniomba jambo moja: niwafunze asili yao. Haya ndiyo ninayoyafanya, na mlezi yeyote anaweza kuyafanya, awe Pwani au bara, kwa kuwa vifaa vyenyewe havizidi miyaa (majani ya kusukia), makumbi ya nazi, udongo, unga na mdomo wa kusimulia.

Wakati una maana yake. Mimi huchagua baada ya sala ya Alasiri mpaka karibu na Maghrib, barazani, jua likiwa limepoa. Miyaa ikipigwa na jua la mchana hukauka mikononi na kukatika, na mtoto akikatikiwa mara kwa mara huichukia kazi. Vitendawili naviweka baada ya Isha. Simu ikae ndani, ya mtoto na ya kwako pia.

Kuhusu umri: mtoto wa miaka 4 au 5 mpe udongo na vitendawili. Wa miaka 7 ataweza ukili mwembamba. Tupa ya kukatia chuma, kisu na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, ni vya wa miaka 10 na zaidi, na mtu mzima akae ubavuni pake muda wote.

Ukili kwanza

Bunda la miyaa utalipata sokoni, au kwa wanawake wa Matondoni, kijiji chetu kinachojulikana kwa mikeka na kwa kuunda majahazi. Chagua miyaa iliyoanikwa ikawa nyeupe, isiyo na madoa meusi ya ukungu. Kazi ya kwanza ya mtoto ni kuchana. Jani lichanwe kwa ncha ya sindano, kila mwaa uwe na upana wa nusu kidole. Mwembamba zaidi ya hapo utamshinda. Iloweke kidogo, kisha uikunje ndani ya kitambaa kilicholowa ili ibaki laini wakati wote wa kazi.

Sasa mtoto akae chini na ncha ya ukili aibane kwa kidole gumba cha mguu. Watoto waliozoea meza hushangaa hapo, lakini baada ya muda mfupi huona wenyewe kwamba mikono miwili haitoshi na mguu nao una kazi. Anza na miyaa 3, kama anavyosuka nywele. Akizoea, ongeza wa 4 na wa 5. Wa pembeni kulia upite juu ya jirani yake, chini ya unaofuata. Kisha wa kushoto nao ufanye hivyo hivyo. Kila baada ya kupitisha mara chache, asukume kwa ukucha ili ukili ukaze. Mwaa unapokaribia kwisha asiufunge fundo. Auweke mpya chini ya ule wa zamani, isukwe yote miwili pamoja kidogo, halafu ncha ya zamani ikatwe. Mjukuu wangu wa kike, alipofika hapo mara ya kwanza, aliupitisha mkono wake juu ya ukili akitafuta mahali palipoungwa, akageuza, akapapasa tena, akasema, "Bibi, pamepotea." Ndipo nilipojua ameshika kazi.

Kwa rangi, zile za sokoni zinatosha: maji yachemke, rangi itiwe, miyaa izame. Lakini napenda waione na rangi ya mkoko. Chukua magome yaliyokwisha kubanduka kwenye boriti zinazouzwa ufukoni, uyachemshe mpaka maji yawe mekundu ya kahawia. Usimtume mtoto kubandua gome la mti ulio hai. Miyaa ikiwa ndani ya sufuria, mwingize chumbani na umwambie atazame dari. Boriti zile ni mikoko hiyo hiyo. Mpe ukili alioumaliza apime upana wa chumba kutoka ukuta hadi ukuta, kisha apime urefu wake. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba, upana wake hauzidi mita 3 hivi, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kuvuka mbali zaidi na bado ikabeba dari ya mawe na chokaa. Mtoto amepima historia ya ujenzi kwa kitu alichokisuka mwenyewe.

Usilenge mkeka. Mkeka ni kazi ndefu na mtoto atauacha nusu. Lenga kipande cha mraba, ukubwa wa viganja viwili: kili mbili tatu zikalazwa ubavu kwa ubavu na kushonwa kwa shazia. Kipande hicho ndicho tanga la chombo tunachokwenda kukiunda.

Mtepe wa karara, na kisa cha Kima na Papa

Vyombo vya kale vya visiwa vyetu viliitwa mitepe, na havikupigwa msumari. Mbao zilitobolewa kwa keke, chombo cha kutobolea, zikashonwa kwa kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Tanga lake lilikuwa mraba wa mkeka, na omoni, yaani mbele ya chombo, palichorwa macho mawili. Mafundi wake walikuwa watu wa visiwa hivi, Wabajuni hasa, na mitepe iliendelea kubeba mizigo mpaka mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa mtoto, karara la mnazi, lile ganda linalofunika maua yake, likikauka tayari lina umbo la chombo. Mimi hulipasua makusudi kwa urefu, vipande viwili, ili yeye avishone tena. Pande zote mbili zitobolewe matundu yanayotazamana, nafasi ya kidole kati ya tundu na tundu. Kamba aisokote mwenyewe. Makumbi ya kamba za kweli hufukiwa kwenye tope la pwani muda mrefu kabla ya kupigwa, lakini kwa kazi hii kumbi lililolala majini usiku mmoja linafaa. Lipigwe kwa mchi mpaka nyama yake itoke na usumba ubaki, kisha nyuzi zisokotwe kwa kiganja juu ya paja. Mwanzoni kamba itakuwa nene hapa na nyembamba pale. Mwache, itanyooka kadiri anavyosokota.

Akimaliza kushona, matundu yazibwe kwa pamba iliyotiwa mafuta ya nazi. Kijiti kiwe mlingoti, kingine kiwe foromali ya kufungia tanga, na ule mraba wa ukili ufungwe pale. Macho ayachore kwa chokaa na makaa. Kisha kipelekwe majini maji yakijaa, na kitavuja. Usimwokoe. Akitoe, akaze kamba, aongeze pamba, akirudishe. Hapo utamweleza kwamba hata kwenye mtepe wenyewe palikuwa na watu wa kufua ngama, yaani kuyatoa maji yaliyovujia ndani, njia nzima, na atakuamini kwa sababu mikono yake bado ina maji.

Hadithi ya kusimulia wakati wa kushona ni Kima na Papa. Anza kwa "Paukwa!" na usubiri "Pakawa!" ya nguvu; wakiitikia kivivu, anza upya. Kima alikaa juu ya mkuyu uliosimama ukingoni mwa bahari, matawi nusu nchi kavu, nusu juu ya maji. Kila siku Papa huja chini yake, Kima akamtupia matunda. Urafiki ukakolea. Siku moja Papa akasema, "Ndoo kwetu ukatembee, nami nikulipe wema wako." Kima akapanda mgongoni. Walipofika katikati ya bahari, nchi haionekani mbele wala nyuma, Papa akamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

Simama hapo. Endelea kushona bila kusema neno. Waulize wangefanya nini, uwaache wabishane. Ndipo uwape jibu la Kima: "Mbona hukuniambia mapema? Sisi kima tukitoka nyumbani huiacha mioyo yetu mtini." Papa akageuza. Kima akaruka tawini, na Papa akangoja, akangoja. Alipoita, Kima akamwuliza kama anamdhania ni punda wa dobi.

Sasa watoto watataka kujua punda wa dobi ni nani, na hadithi ya pili inazaliwa ndani ya ya kwanza. Simba mgonjwa alitaka nyama, Sungura akambembeleza punda wa dobi mpaka akamfikisha. Simba akamparura tu, punda akakimbia. Sungura akamrudia, akambembeleza tena, na punda akaja tena. Safari hii hakuondoka. Sungura akaula moyo na masikio kwa siri, na Simba alipouliza vimekwenda wapi, akajibu kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, asingerudi mara ya pili. Hapa Lamu huhitaji picha ya kuwaonyesha. Punda mwenyewe atapita barazani na mizigo yake kabla hujamaliza.

Kuna jambo moja la kuongeza kwa wakubwa kidogo. Kisa hiki husimuliwa India pia, tangu zama za mbali sana, na huko mahali pa papa yuko mamba. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba, vyombo vilishuka kwetu kutoka Arabuni na India na nguo, tende na vyungu, na mabaharia wakakaa wakingoja kusi iwarudishe. Wakati wa kungoja watu husimuliana. Hadithi ikafika, mamba akatoka akaingia papa, ikapandwa mkuyu, ikawa yetu. Mimi napinga sana kumfunza mtoto kwamba Afrika ya kale ilikuwa imejifungia mpaka wageni walipoibisha hodi. Watu wetu walisafiri, wakauza, wakanunua, wakachagua la kuchukua na la kuacha. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga mpaka China kwa mfalme wake. Wajukuu zangu wa Malindi wanaijua habari hiyo vizuri, na kila mmoja amemfinyanga twiga wake.

Mkate wa Liyongo

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu hii ndiyo hadithi yetu kubwa na inasimuliwa vibaya kwa haraka. Usiimalize jioni moja.

Jioni ya kwanza ni ya makoma. Fumo Liyongo alikuwa shujaa wa pande hizi za Pate na mto Tana, mrefu, mwenye nguvu za kutisha, na malenga. Sultani wa Pate alimwogopa. Wakapangwa watu wa kumwua: waende mwituni wakale makoma, matunda ya mkoma, kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake, na zamu ya Liyongo ikifika wamlenge mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika hakupanda. Alisimama chini, akayaangusha makoma kwa mshale. Simulia haya huku mtoto anasuka, na mwishoni umwonyeshe miyaa iliyo mikononi mwake: imetoka kwenye mkoma, mti uo huo.

Jioni ya pili ni ya mkate. Liyongo amekamatwa, yuko gerezani, amefungwa minyororo. Mama yake humletea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi, jina lake Saada, na kila siku askari hukila kile kizuri na kumwachia makombo. Kanda madonge mawili na watoto. Moja la unga mweupe na samli. La pili la wishwa, zito, lenye makapi. Ndani ya la wishwa mtoto afiche kijiti kisafi mahali pa tupa, akizungushie unga mpaka kisionekane hata kwa kupapaswa. Oka yote mawili. Mtoto ambaye hakuwapo wakati wa kukanda mfanye askari wa mlangoni. Mpelekee mikate yote miwili, na umwambie achague mmoja wa kula na mwingine aupeleke kwa mfungwa. Sijaona askari aliyechagua wishwa. Akishauma mkate mweupe, mfungwa naye auvunje wake, na kijiti kitoke. Yule askari atapiga kelele kwamba amedanganywa, na hiyo ndiyo hadithi yenyewe imeingia. Liyongo alimtuma Saada kwa mama yake na maneno ya wimbo ya kuuomba mkate huo, na mama akayafahamu.

Jioni ya tatu ni ya ngoma. Sasa tupa iko mkononi mwake lakini chuma kikikatwa hulia, na askari wako mlangoni. Liyongo akaomba apigiwe gungu, ngoma ya kale, watu wakusanyike nje ya gereza na pembe, upatu na matasa. Mpe mtoto mkubwa chuma kikuukuu kilichobanwa vizuri, na tupa. Wengine wapewe sinia la shaba, kayamba na debe. Kwanza afanye yeye peke yake, kila mtu anyamaze. Sauti ya tupa juu ya chuma huingia mpaka kwenye meno. Wadogo huziba masikio. Halafu sinia lianze polepole, na tupa bado inasikika katikati ya mapigo. Halafu wote wapige kwa nguvu, na mmoja asimame mlangoni asikilize kama anaweza kujua wakati ambapo tupa inakwenda na wakati imesimama. Hawezi. Wajukuu wangu walirudia mchezo huu mpaka majirani wakatoka, na majirani wenyewe wakashika debe.

Wazazi wengine huniomba nikomee pale Liyongo alipokata minyororo akatoka. Sikubali. Mtoto anayejua ushindi tu wa hadithi hii hajapewa hadithi. Jioni ya nne nawaambia la mwisho: sultani alimwahidi mtoto wa Liyongo ufalme na binti yake wa kuoa, akitafuta siri ya kinachoweza kumwua baba yake. Mtoto akauliza. Baba alifahamu kwamba ametumwa, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Akachomwa akiwa usingizini. Akaamka na maumivu, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti, mshale tayari kwenye kamba, na roho ikamtoka hivyo hivyo. Watu wakaogopa kuteka maji, wakidhani yu hai na amekasirika. Mama yake akaja kumbembeleza kwa nyimbo. Mpaka mwili ulipoanguka ndipo walipoiona sindano. Na yule mtoto hakupata alichoahidiwa.

Hapa kazi ya mikono ni ndogo. Upinde wa ufito, na kamba ya usumba waliyoisokota kwa ajili ya mtepe. Mshale usiwe na ncha. Mmoja apige goti, avute, asitikisike. Wengine waje na ndoo, mmoja mmoja, wakijaribu kumkaribia kisimani. Watoto wakorofi kabisa hunyamaza kwenye mchezo huu. Wakiuliza maswali juu ya yule mtoto na baba yake, na watauliza, jibu kwa ukweli na usikimbilie kuwatuliza. Ukiwa na nafasi ya safari, kaburi la Liyongo huonyeshwa Kipini, mto Tana unapoingia baharini.

Udongo, na nyumba zenye majina

Kisiwa chetu ni mchanga, kwa hiyo udongo wa kufinyanga naagiza bara. Mtoto asokote nyoka wa udongo, amzungushe juu kwa juu mpaka kiwe chungu kidogo, alainishe kwa kidole kilicholowa. Kabla hakijakauka, achore mabegani mwa chungu safu ya pembetatu kwa mwiba wa samaki, na ndani ya kila pembetatu achore mistari ya kulala.

Mchoro huo haukuchaguliwa ovyo. Shanga, kisiwani Pate, mji uliohamwa karne ya 15, mchimbuaji Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akafika tabaka za karne ya 8, na vyungu vya chini kule vina pembetatu za namna hiyo. Vimeonekana Manda pia, na sehemu nyingi za mwambao na za bara yake. Zilipatikana na sahani za kutoka mbali, Uchina na Uajemi, lakini vyungu vya hapa ni vingi mno kuliko hizo. Miji ile ilikaliwa na watu waliofinyanga kwa mikono ya hapa. Mwambie mtoto hivyo, kwa maneno hayo hayo, wakati kidole chake kiko kwenye chungu.

Mchezo wa pili nimeutoa kwenye magofu ya Gedi, karibu na Malindi, na wajukuu wa kule ndio wanaoupenda zaidi. James Kirkman alipoufukua mji ule kuanzia 1948, nyumba nyingine alizipa majina ya vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Kauri. Kwa hiyo kila mtoto afukie mchangani vitu vitano vya nyumbani kwao, mwingine avifukue kwa brashi na kijiko, avipange kwa kina alivyovikuta, kisha aipe nyumba hiyo jina na aeleze wenyewe walikuwa watu wa kazi gani. Utastaajabu mambo watakayoyajua juu ya familia kutokana na kibiriti, kifungo na mfupa wa samaki. Baadaye ukiwapeleka Gedi kwenyewe, penye msikiti mkubwa na kaburi lililoandikwa tarehe ya 1399, hawatatembea kama watalii. Watainama.

Vitendawili na miji

Hili ni la usiku, taa zikipunguzwa, na halihitaji kitu. "Kitendawili!" "Tega!" Nyumba yangu haina mlango: yai. Kuku wangu katagia miibani: nanasi. Anza na hivyo vya wadogo, kisha uwatake watunge vyao juu ya vitu walivyoshika mchana: ukili, keke, karara, tupa.

Faida kubwa iko pale mtoto anaposhindwa. Desturi ni kwamba aliyeshindwa hutoa mji. "Nipe mji." Watoto wa siku hizi hutoa Nairobi na London, na ni haki yao. Mimi nimeweka sharti kwamba mji uwe wa mwambao wetu na usitajwe mara mbili usiku mmoja. Pate, Siyu, Faza, Shanga, Manda, Takwa, Shela, Kipini, Ungwana, Gedi, Mambrui. Na mtegaji anayeupokea lazima aeleze alichokwenda kufanya katika mji huo na alichokula kabla ya kutoa jibu. Kwa njia hii mtoto wa miaka 6 ameijua miji ambayo watu wazima wengi hawaijui.

Ya kuachwa

Usiokote vigae kwenye magofu, hata kipande kidogo kama kucha. Vinalindwa na sheria, na kigae kikitoka mahali pake hakisemi tena. Usinunue wala usiokote kombe na simbi hai kwa ajili ya shanga; vipande vilivyovunjika vya ufukoni vinatosha, visuguliwe juu ya tumbawe.

Na vigango vya Wagiriama, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, visifanywe kazi ya mikono ya watoto. Vile huchongwa kwa ajili ya wazee waliokufa wa chama cha Gohu. Vingi viliibwa vikauzwa mpaka majumba ya makumbusho ya Marekani, na baadhi vimerudishwa. Mweleze mtoto habari hiyo, amheshimu jirani yake, na mpe kitu kingine cha kuchonga: kipande cha sabuni na pambo moja la mlango wa Lamu kinamtosha jioni nzima.

Safari mbili

Nyumba ya makumbusho ya Lamu, pale mbele ya bahari, ina siwa mbili, yaani baragumu kubwa, ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu. Nenda asubuhi watu wakiwa wachache. Mwambie mtoto asimame kando ya ile ya pembe ajilinganishe nayo, halafu atafute tundu la kupulizia mwenyewe. Wengi hulitafuta mwishoni, na liko ubavuni.

Takwa, kisiwani Manda, nawapeleka baada ya jioni za Liyongo na udongo. Mji ule ulihamwa karne ya 17, na una msikiti wenye nguzo juu ya kibla na kaburi la nguzo lenye tarehe ya 1682 hivi. Watu wa Shela wamezoea kwenda kuomba dua pale, kwa hiyo watoto wavae na wakae kwa adabu. Chukua maji, kofia na vipande vya ukili vya kukaliwa. Hori la mikoko linaloingia Takwa hukauka maji yakitoka, basi mwulize nahodha saa ya maji kujaa siku moja kabla, mwingie yakipanda, na mwe mmeshapanda mashua kabla hayajaanza kupwa.